Barua ya Kumwalika Mgeni

Safari hii nilipita uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, kwa dakika nne. Nilihesabu, kwa sababu miaka yote nilikuwa nikikaguliwa viza ukurasa kwa ukurasa na kuulizwa nimekuja kununua nini na nitarudi lini. Sasa nilitoa pasipoti mpya ya nchi ya mume wangu, nchi ndogo ya Ulaya ambayo ukiivuka kwa gari chai ya kwenye chupa haijapoa, na ofisa akagonga muhuri bila kunitazama mara mbili. Wenzangu wa Iringa na Mbeya, niliokutana nao wakati wa kubadilisha ndege, walitoka saa moja na nusu baadaye. Walinikuta nimekalia begi nakunywa kahawa.

"Jamani, nilidhani mmegeuza kurudi Dar," niliwaambia. Nilikuwa najidai, sifichi.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ninunue viatu vya duka letu, kisha niende moja kwa moja Iringa, ambako mama yangu alikuwa amekataa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mpaka niwepo. Alisema akifunguliwa macho anataka anione mimi kwanza, siyo manesi. Nilikuwa nimemwahidi.

Pasipoti ile sikuokota njiani. Niliishi kule miaka saba, nikajifunza lugha ambayo hata jirani zao wa ng'ambo ya mpaka hawaielewi, nikafanya mtihani wa mito yao na bunge lao. Mwisho nikasimama kwenye ukumbi wa manispaa, nikainua mkono, nikaapa. Meya alinipa shada la maua. Hakuna aliyeniambia nirudishe pasipoti yangu ya Tanzania, basi nikaziweka zote mbili kwenye kipochi kimoja cha ngozi. Niliona nimeongeza, kama mtu anayejifunga khanga ya pili juu ya ya kwanza.

Tena nilikuwa nimeomba ushauri. Kwenye soko la jumla la Zhanxi, jengo la viatu, kuna mama mmoja wa Mombasa ambaye nimenunua naye bega kwa bega tangu naanza biashara. Tunagawana katoni ambazo mmoja wetu peke yake hazimalizi, na akienda kuswali mimi ndiye namlindia mizigo. Yeye ana pasipoti ya Kenya na nyingine ya Ulaya. Nilipomuuliza, alinijibu bila hata kuinua uso kutoka kwenye viatu alivyokuwa akivikagua.

"Shoga, mimi n'nazo mbili miaka yote hii na hakuna alon'uliza. We apa, kisha urudi zako kwenu."

Sikuuliza mtu mwingine. Guangzhou inakufanya hivyo. Wenye maduka wanatuita sote kwa jina moja la Afrika, tunabishana bei kwa Kiswahili kimoja, na baada ya miaka kadhaa unasahau kwamba mwenzako ana serikali yake na wewe una yako.

Pale hotelini tuna desturi. Kiongozi wetu, Mama Mchungaji, anakusanya pasipoti za kundi zima kwenye mfuko wa nailoni na kuzipeleka mapokezi, tuandikishwe polisi kwa mkupuo, huku sisi tukinyoosha miguu kwenye makochi. Nilimkabidhi kipochi changu bila kufikiri, kama nilivyomkabidhi kila safari.

Binti wa mapokezi alikifungua. Akatoa pasipoti ya kwanza, akatoa ya pili, akalinganisha picha.

"Bu xing," alisema, yaani haiwezekani, akainua vidole viwili.

Mama Mchungaji alizichukua, akavaa miwani. Kabla ya kuolewa na mchungaji na kabla ya nguo za watoto anazouza Mbeya, alikuwa karani wa uhamiaji.

"Hii mpya umeipataje, mwanangu?"

"Nimeomba uraia, mama. Nimepewa mwaka huu."

"Uliapa?"

"Niliapa."

"Kwa hiari yako, na akili zako zote?"

Nikacheka. "Sasa mama, nani anaapa akiwa usingizini?"

Hakucheka. Alizifunga pasipoti zote mbili, akanirudishia taratibu.

"Basi wewe siyo Mtanzania tena. Ulishaacha siku ileile ulipoapa. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili. Na hii ya zamani usithubutu kuingia nayo nyumbani, utajikuta mahakamani."

Nilimwomba arudie, kwa ujinga tu, nikitumaini mara ya pili atasema kitu kingine. Akarudia neno kwa neno. Mmoja wa wale niliowatania Baiyun aliinuka akaniletea maji ya moto kutoka kwenye mtungi. Afadhali angenicheka. Nilikaa na kile kikombe mikononi na sikuweza hata kulia, kwa sababu sikuwa bado nimeamini.

Kesho yake Zhanxi, laoban wangu wa viatu, yaani mwenye duka, alitaja bei na mimi nikakubali palepale. Alinitazama kwa wasiwasi, akapunguza mwenyewe. Nikaenda kumtafuta mama wa Mombasa, nikiwa na maneno makali niliyoyapanga tangu alfajiri.

"Kwani kwenu hairuhusiwi?" aliniuliza nilipomweleza.

"Hairuhusiwi."

Aliketi juu ya katoni, mkono kifuani. "Wallahi sikujua, dadangu. Nilidhani ni sisi sote."

Ningemlaumu vipi? Mimi ndiye mtu mzima niliyekwenda kuuliza sheria ya kwetu kwa mtu wa kwingine.

Usaha wa jambo lenyewe ulitoka kwenye fomu ya viza ya Tanzania. Niliijaza kwa simu, kitandani. Waliuliza sababu ya safari, nikachagua kutembelea ndugu. Waliuliza kama nimewahi kufika Tanzania. Nilizaliwa huko, nikaishi huko miaka ishirini na tisa bila kuvuka mpaka hata mara moja. Nikaandika ndiyo. Siku ya pili wakajibu kwamba inahitajika barua ya mwenyeji.

Wiki hiyo wenzangu waliondoka. Katoni zangu, zenye chata la duka letu la Iringa, zilikwenda bandari ya Huangpu kupakiwa kwenye kontena pamoja na zao, na wakala wa mizigo hakuziuliza chochote. Nilizionea wivu katoni.

Nikampigia mama.

"Mama, naomba uniandikie barua ya kunialika."

"Nikualike wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Nilimweleza yote. Nilisubiri anigombeze. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ukifika utakuwa mgeni?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Kwa kuwa haoni, barua iliandikwa na mtendaji wa mtaa, naye akanitumia picha ya barua hiyo. Alikuwa ameifuata fomu ya uhamiaji vizuri. Uhusiano na mgeni: mama mzazi. Amemfahamu mgeni tangu lini: tangu alipozaliwa. Kila kipengele kilikuwa na dole gumba la mama, isipokuwa cha mwisho, ambapo mwenyeji anaahidi kwamba mgeni ataondoka nchini muda wake ukiisha. Hapo palikuwa peupe.

"Amekataa kabisa," mtendaji aliniambia. "Na bila hilo dole hawapokei."

Ikabidi nimpigie tena. Nilimbembeleza mama yangu siku tatu aahidi serikali kwamba nitaondoka. Siku ya tatu nilimsikia akimwambia mtendaji, "Nishike mkono, nionyeshe pa kugonga." Kisha karatasi ikakwaruza meza.