Magadi Kwenye Chungu cha Mama

Mama aliungua kisigino kwa kaa la moto na hakujua. Mimi ndiye niliyesikia harufu, nimekaa jikoni kwake mteremkoni mwa Mlima Meru, Jumapili baada ya ibada. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao kwa miaka mingi, na alijitunza. Hata chai alikunywa bila sukari. Kwa nini basi miguu ilizidi kufa ganzi?

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalianza kufunguliwa, na moja lilikuwa jirani na meza yangu ya kutengenezea saa, Kaloleni, kule mjini. Mwenye duka, muuguzi mstaafu, aliniazima kitabu cha kazi yake. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi. Humo nikakuta kwamba mishipa ya fahamu nayo hulishwa na vijishipa vya damu, vyembamba kuliko unywele. Sukari huviharibu, na presha ikipanda huviharibu zaidi. Nikamleta mama apimwe. Presha ilikuwa juu. Muuguzi akampa vidonge, akamwambia aache chumvi.

"Chumvi niliacha zamani," mama alimjibu. Na kweli alikuwa ameacha.

Wiki zikapita, presha haikushuka. Niliogopa kidonda kingine asichokisikia, kisha mguu ukatwe. Nikaenda kukaa jikoni kwake siku nzima, nikitazama tu, kama ninavyofanya kwa saa inayosimama bila sababu. Makande yalipochemka akachota magadi, akatia, akaongeza.

"Mama, mbona mengi hivyo?"

"Si mmeninyima chumvi? Mnataka nile makande kama ya mahabusu?"

Nilimweleza kwamba kinachopandisha presha katika chumvi kimo pia katika magadi. Akaweka mwiko chini.

"Kumbe najimaliza mwenyewe."

"Hakuna aliyekuuliza habari za magadi, mama. Hata mimi nimekula hayo hayo."

Tangu siku ile makande yalipikwa bila magadi, kwa ndimu na vitunguu. Yalichelewa kuiva, kwa hiyo Jumapili nilipanda na mzigo wa kuni. Presha ikaanza kushuka, polepole.

Baada ya chakula mama alijifunika macho kwa kanga, nami nikapitisha unyoya wa kuku kutoka vidoleni kwenda juu. Aliposikia, nilichora mstari kwa kalamu, mpaka wa ganzi.

"Hapo."

"Sijagusa, mama."

"Najua. Nakuonea huruma, umeinama muda mrefu. Fundi, huu ni mguu, si saa."

Ganzi haikuondoka, kitabu kilikwisha kunionya. Lakini kisigino kilifunga. Na ule mstari, uliokuwa chini kidogo ya kifundo, kila Jumapili niliuchora upya mahali palepale.

"Umepanda?" aliniuliza siku moja, macho bado yamefunikwa.

"Haujapanda."

Akafunua kanga. Maisha yake yote alikuwa akiingia shambani peku, na viatu nilivyomnunulia vilikaa mlangoni bila kuvaliwa.

"Basi nivalishe hivyo viatu vyako," alisema, "nikaone kahawa yangu."