Hodi ya Kisimani

Mama yangu akikasirika ananiita "mwalimu". Akiwa ametulia mimi ni "mwanangu" tu, ingawa nina wajukuu na ualimu wenyewe nimeshastaafu. Siku niliyompelekea dumu la kwanza la maji ya bomba kutoka kwangu Katandala, aliyanusa, akalisogeza dumu kando ya mlango, akasema, "Asante, mwalimu. Tutanawia miguu."

Nilichukia. Nilikuwa nimetoka mjini na dumu lile kwenye bodaboda, njia ya kwenda kwake Pito imejaa mashimo, na mgongo wangu si wa kuchezea. Nikamwambia, "Mama, haya ni maji safi, yamewekwa dawa." Akajibu, "Ndiyo maana yananuka hospitali," akarudi kupepeta ulezi wake.

Maji yake yeye ni ya kisima cha bondeni, chini ya shamba letu. Tunakiita kisima, lakini hakuna aliyekichimba. Ni jicho la maji linalotoka chini ya mwamba na kujaza shimo la ukubwa wa karai. Nikiwa mdogo alinifundisha namna ya kuchota: kwanza unagonga kata kwenye jiwe mara mbili, unapiga hodi, unasubiri. Mle ndani aliishi kaa, kaa mdogo wa kahawia, na hodi ile ilikuwa ya kumwomba asogee. Asipoonekana hatuchoti mpaka mama aje aangalie mwenyewe, kwa sababu kwake yeye kaa akihama ujue maji yameharibika. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa nalicheka sana jambo hilo, tena mbele yake.

Sasa niseme kosa langu, maana hakuna mwingine wa kulisema. Nilipokuwa bado kazini, ng'ombe walizoea kuja kukanyaga kisima, nikaamua kukihifadhi. Niling'oa matete, nikafyeka mizambarau pori, nikaukata na mkuyu mmoja uliopinda juu ya mwamba. Vyote hivyo niliviita kichaka. Kisha nikazungushia miche ya milingoti, yaani mikaratusi, imenyooka mistari kama wanafunzi wa paredi, na nikajiona mtu wa maana kweli. Mama alisimama ameegemea jembe akitazama. Aliuliza swali moja tu, "Hii inakunywa kiasi gani?" Nilimjibu kitaalamu, kwa maneno marefu. Hata sikumbuki nilisema nini.

Milingoti haikuchelewa kukua. Maji yakawa yanashuka kila kiangazi, na masika yakija hayarudi pale yalipokuwa. Vyura ndio walionyamaza kwanza. Korongo waliokuwa wanatua kudonoa kwenye tope wakahamia bonde la pili, na kaa naye akaondoka, sijui lini, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kumtazama. Kikabaki kidimbwi chenye utando wa rangi ya kutu na majani yanayonuka kama dawa ya kifua. Mama hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenigombeza, maana kugombana mimi naweza.

Halafu magoti yakamshinda, akawa hashuki tena bondeni, na macho nayo yakaanza kufifia. Maji ya kidimbwi nilimkataza. Ya bomba aliyakataa. Akawa anaishi kwa uji na mafunda mawili ya chai, mpaka siku moja tukamfikisha zahanati amelegea, midomo imepasuka. Daktari akasema mwili umekauka, bibi anywe maji la sivyo tutampoteza. Nilitoka nje nikalia kwenye benchi mbele za watu, mtu mzima mimi. Nilijua ni nani aliyemkausha.

Nikaanza kumdanganya. Nilikuwa nayaweka maji ya bomba kwenye mtungi, nafunika kwa kitambaa chepesi, nayaacha mpaka kesho yake harufu iishe. Kisha nayamimina kwenye kibuyu chake, nalowesha miguu na pindo la kitenge, nazunguka nyuma ya nyumba na kutokea upande wa bondeni nikihema.

"Kaa yupo?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Yupo, mama."

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

Alikunywa kikombe kizima. Nilifurahi na kujichukia papo hapo. Tangu siku hiyo aliniuliza hivyo hivyo kila mara, nami nikajibu hivyo hivyo, na taratibu nguvu zikamrudia.

Uongo ule ulinichoma, ndiyo maana nikamtafuta jirani mwenye msumeno, tukaiangusha milingoti yote. Nani aliniambia kwamba mti huo ukikatwa haukubali kufa? Kila kisiki kilitoa machipukizi, na kila Jumamosi nilikwenda na panga kuyakata, nikiyasema kama watoto watundu. Nilihamisha matete kutoka bonde la pili, nikachomeka matawi ya mkuyu kwenye tope. Masika ya kwanza hakuna kilichobadilika. Masika ya pili yalipokwisha, utando ulikuwa umetoweka, na asubuhi moja nikasikia chura. Mmoja tu.

Wiki chache baadaye nikakuta shimo limejaa, maji yanaonyesha mchanga chini. Nikapiga magoti. Kulikuwa na jani, nikaingiza mkono kulitoa, na kidole changu kikabanwa hasa. Niliitupa kata, nikatoa tusi ambalo mwalimu hapaswi kulijua. Kaa akarudi chini ya mwamba kinyumenyume, hana habari na mimi. Nilikaa pale kwenye tope nacheka na kulia, na kitenge kikalowa chenyewe mpaka kiunoni.

Nilimpelekea mama kibuyu.

"Kaa yupo?"

"Yupo, mama."

"Ulipiga hodi?"

Jibu la kila siku lilikuwa tayari mdomoni. "Sikupiga," nikasema, nikamshikisha kidole.

Alikipapasa kwa dole gumba, polepole, akalipata lile jeraha, akalizunguka mara mbili. Kisha akanywa, akaweka kikombe chini.

"Leo umefika kisimani," akasema.

Niliuliza, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa, "Na siku zile zote? Kama ulijua, kwa nini ulikunywa?"

"Ulikuwa unalowesha kitenge, mwanangu," akasema. "Ningekataaje?"