Bao Kupitia Pazia

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, siku ya Alhamisi, mke wangu aliingia sebuleni akaniambia kwamba mama yake anataka kurudi kwake Angurai kesho yake asubuhi.

"Nauli ameshaifunga kwenye pindo la leso," alisema. "Nimeiona."

Mama mkwe alikuwa na kidonda kwenye wayo. Alikuwa amekaa kwetu Busia wiki tatu ili kisafishwe kliniki mara mbili kwa wiki, na muuguzi alikuwa ametueleza bila kuficha: wiki nane pasipo kukosa, la sivyo mguu utakatwa. Kwake anaishi peke yake, na kidonda hicho kilikuwa kimemshinda mara mbili.

"Kwani amekosa nini hapa?"

"Mtu wa kuongea naye. Mchana sisi tuko kazini, mtoto yuko shule. Jioni sisi tuko huku, yeye yuko kule. Anasema anakaa kama gunia la mahindi stoo."

Huku ilikuwa sebule, kule ilikuwa chumba cha nyuma, na kati yao palikuwa na mlango usio na ubao, wenye pazia zito la kahawia. Sababu ya pazia hilo kuwa limefungwa kila jioni ilikuwa mimi. Kwa wao Wateso, na kwa sisi Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawakai wakitazamana. Kulala chini ya paa langu kulikuwa tayari kumemtia aibu ya kutosha. Sikutaka kuivunja desturi hiyo. Mimi mwenyewe naiheshimu.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Nilijifundisha kwa kufungua mizani mbovu na kuchora kila kipande kabla ya kukigusa. Jambo hili nililishughulikia vivyo hivyo, nikatafuta kipande kinachoweza kusogea. Nilijua kutoka kwa mke wangu kwamba mama yake hakuwahi kupata wa kumshinda kwenye bao. Bao huchezwa ana kwa ana, mikono ikikutana juu ya ubao mmoja. Lakini mashimo yakiwa na nambari, anayecheza hahitaji mkono.

Ubao tulikuwa nao, safu mbili za mashimo manane kila moja. Niliuweka sebuleni karibu na pazia, nikaandika nambari kwa chaki. Binti yetu wa miaka kumi na miwili alikaa ng'ambo ya ubao, upande wa nyanya yake, amsogezee kete na kumtangazia mchezo wangu. Saa moja kamili nilisema kwa sauti ya kufika kule nyuma kwamba huu ni mchezo wa nyumba hii wa kila Alhamisi. Hatukuwa tumewahi kuucheza hata mara moja.

Pazia likasema, "Mwambie baba yako mimi ni mgonjwa, asinionee."

"Baba, nyanya anasema usimwonee."

"Mwambie nyanya nimesikia."

Nilimshinda mara tatu. Baada ya mchezo wa tatu tukafunika ubao.

Asubuhi binti alinifuata nikinywa chai. "Nyanya anasema hilo si bao. Anaita mbili, kete zinatoka mahali ambapo yeye hakuziweka."

Niliutoa ubao nikaukagua. Nilikuwa nimeandika nambari za safu zote mbili nikianzia mkono wangu wa kushoto, nimekaa upande wangu. Kwa aliyekaa ng'ambo, kushoto kwangu ni kulia kwake; shimo lake la kwanza nilikuwa nimeliita la nane. Yeye alikuwa amebeba ubao mzima kichwani bila kuuona, na kila alipoita shimo, mimi nilimpa lingine. Alikuwa amelijua kosa tangu mchezo wa kwanza. Ila kubishana na mkwe hakuweza.

"Mwambie kosa ni langu," nilisema. "Nilipanga nambari nikiangalia upande wangu tu. Naomba Alhamisi moja ya kurekebisha."

Binti alienda, akarudi. "Amesema moja tu."

Wiki hiyo nilifuta chaki nikapaka nambari kwa rangi nyeupe, kila safu ikianzia kushoto kwa mwenyewe. Nilijaribu na mke wangu michezo miwili, tukiwa tumepeana migongo, hadi nikaridhika.

Alhamisi ya pili mama mkwe alinipiga mara nne mfululizo.

"Mwambie baba yako alete mizani apime kete zilizobaki."

"Mama, mhurumie," mke wangu alisema akicheka. "Ndiye anayelipa kodi ya nyumba."

"Kwani nimegusa kodi? Mimi nimegusa kete. Tano!"

Binti alichota shimo la tano akazungusha, na safu yangu ikabaki tupu kama sahani iliyooshwa.

Kidonda kilifunga wiki ya tisa, na siku hizi Alhamisi tunacheza kwa simu, yeye Angurai na sisi Busia. Lakini kwamba atabaki hadi apone, mimi nilijua jioni ile ile ya Alhamisi ya pili, kabla hata hatujaondoa kete ubaoni. Mkono wa mama mkwe ulipenya chini ya pazia, nami nikageuza uso. Binti akapokea kitu.

"Nyanya anasema pazia hili ni zito, linameza sauti. Ununue jepesi." Aliweka ubaoni noti zilizokunjwa, bado zina alama ya fundo la leso. Nilizihesabu: shilingi mia tatu na hamsini, nauli ya Angurai.