Nguzo ya Dishi la Bwana Mbonde

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa mtoto wa kijiji cha Mkongo, wa kwanza katika ukoo wetu kupata stashahada ya elektroniki, na niliona si haki kuipeleka stashahada hiyo kazini bila tai. Mkuu wa Mafundi wa kampuni yetu ya kufunga madishi ya televisheni kule Dar es Salaam, mtu mfupi aliyeweka spana mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu, alinitazama kuanzia viatu hadi shingo, akanionyesha ngazi.

"Panda na tai yako, ukalielekeze dishi."

Nikapanda. Mbele yangu ulisimama mnara mrefu wa simu. Nikaligeuza dishi likautazama mnara ule, nikakaza boliti, nikashuka nikijipangusa mikono. Mafundi waliokuwa chini walishindwa kusimama kwa kicheko.

"Bwana Diploma," akasema Mkuu, "setilaiti yetu umeiona imesimama Ilala?"

Vijana mnaosoma haya, jueni kwamba setilaiti tuliyokuwa tukiitumia imekaa karibu na utosi wetu, imeegemea kaskazini kidogo. Ndiyo maana dishi la kwetu hutazama juu kama mtu anayekagua paa linalovuja. Dishi hukusanya mawimbi na kuyarushia jicho lake, kile kichwa kidogo kilichoshikwa na mkono wa chuma, ambacho mafundi tunakiita LNB. Jicho huyapitisha kwenye waya hadi kwenye king'amuzi. Kipimo cha fundi huonyesha namba mbili, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Anayejua kazi hutazama ubora. Ubora ukishuka, picha hukatika vipande vipande, kisha kioo huwa cheusi. Na dishi likisogea upana wa kidole tu, ubora umekwenda.

Jioni ile Mkuu aliniita pembeni. "Utajua kazi, maana una kiburi cha kutosha. Ila shika hili. Picha ikirudi na hujui ilikwenda kwa nini, hujatengeneza kitu. Umelipumzisha tatizo tu."

Nilijua kazi haraka kuliko wenzangu wote, na hili nalisema kwa sababu ni kweli. Baada ya mapaa ya Dar es Salaam nilipelekwa Lindi, na baada ya Lindi kampuni ikafungua kituo Kibiti, karibu na kwetu. Niliomba mwenyewe kurudi. Wapo wanaorudi nyumbani kwa kushindwa. Mimi nilirudi na pikipiki, sanduku la vifaa lenye kufuli, na cheo cha Fundi Mwandamizi, nikajenga nyumba ya bati la rangi inayoonekana kutoka barabarani.

Eneo langu lilianza Ngarambe, ambako nyigu walijenga ndani ya LNB, likapita Mkongo, ambako watu walipanda mkorosho mbele ya dishi halafu wakashangaa mkorosho kukua, hadi visiwa vya delta, mto unapoingia baharini, ambako chumvi ilikula konekta za waya. Kote huko utaratibu wangu ulikuwa mmoja: anza na king'amuzi, fuata waya, malizia kwenye dishi. Sikuwahi kushindwa, mpaka nilipokutana na dishi la Bwana Mbonde.

Bwana Mbonde alikuwa mkata boriti za mikoko, anaishi na mkewe Bi Tatu ukingoni mwa mkondo, safari ya boti ya injini kutoka bandari ya Nyamisati. Dishi lile nililifunga mimi mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya makuti, haiwezi kubeba dishi, basi nikachagua boriti ndefu, nikaichimbia ukingoni mbali na minazi, nikaishindilia mpaka majirani wakaja kuitingisha kwa zamu.

Mwezi haukuisha, akapiga simu. Picha inakatika. Alinifuata Nyamisati kwa boti yake, tukaingia na maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa maji yakipwa mkondo ule hubaki matope na boti haipiti. Nilipofika, picha ilikuwa safi kama kioo. Nikabadilisha LNB kwa tahadhari, tukakimbilia boti kabla maji hayajatoka.

Siku ya tatu akapiga tena. Nikaenda, nikakuta picha safi. Nikabadilisha waya wote na konekta zake.

"Shemeji," Bi Tatu akaniambia nikifunga sanduku, "juzi ilikatika adhuhuri. Jana ikakatika adhuhuri imekwisha pita. Leo itachelewa zaidi. Kisha inarudi yenyewe."

"Mitambo haiangalii saa, Bi Tatu."

"Haya. Basi tuachie hilo begi lako, maana picha yetu unaibeba humo. Ukiwepo ipo, ukiondoka imeondoka."

Safari hii hawakungoja hata siku tatu, wakapiga simu kituoni kunishtaki. Msimamizi wa Kituo, mama mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, aliniita ofisini. Hapo ndipo nilipomwogopa.

"Fundi Mwandamizi, nyumba moja, safari mbili, LNB mpya, waya mpya. Kwenye fomu, mahali pa sababu, umeandika 'hali ya hewa'. Hewa gani hiyo ya nyumba moja? Nenda mara ya tatu. Ukirudi bila sababu, nitaomba makao makuu wanipe fundi mwingine. Wewe watakurudisha Dar es Salaam, kwenye ghala."

Ghala! Nilikwisha kuwaambia watu wa Mkongo kwamba bila mimi delta nzima ingekuwa gizani. Ningepita vipi barabarani nimebeba godoro, narudi mjini kuhesabu mabomba ya dishi?

Mara ya tatu tukaingia tena na maji. Picha safi. Bwana Mbonde akaishika kamba ya boti. "Twende, fundi, maji yatatukimbia."

Nikamkumbuka Mkuu wa Mafundi na spana yake. "Yatukimbie," nikasema. "Leo naondoka na sababu."

Bwana Mbonde akaenda kufunga boti. Bi Tatu akapakua wali na kamba wa nazi, tukala, kipimo kikiwa mapajani mwangu. Ubora ulikuwa themanini. Maji yakaanza kutoka. Sabini na tano. Tukanawa mikono. Sitini. Hakuna wingu, hakuna upepo, hakuna aliyegusa kitu. Arobaini, na mtangazaji wa habari akavunjika uso vipande vipande.

"Huyoo anakwenda!" Bi Tatu akapiga makofi, kama aliyeshinda kesi.

Nikatoka mbio. Mkondo ulikuwa umeshuka karibu urefu wa mtu, na boti ya Bwana Mbonde imeshuka nao, imelala kwenye mteremko wa matope. Kamba yake ilikuwa imekaza kama uzi wa gambusi, kutoka puani mwa boti hadi kwenye boriti ya dishi. Boriti imeinama kuelekea mtoni. Si sana. Upana wa kidole.

"Nani kafunga boti kwenye nguzo yangu?"

"Mie," akasema Bwana Mbonde, bila wasiwasi wowote. "Nafunga hapo kila siku."

"Kwa nini, bwana wangu?"

"Si ulisema wewe? Siku ile umemaliza kushindilia, ukapiga kifua mbele ya majirani: 'Nguzo hii hata meli ifungwe, haitikisiki.' Mie nikafunga boti tu."

"Meli bado hatujapata, shemeji," akaongeza Bi Tatu.

Nililegeza kamba kwa mikono yangu. Boriti ya mkoko haivunjiki kirahisi, ikajinyoosha yenyewe. Ndani ya nyumba nikamsikia mtangazaji akiendelea na habari zake. Kumbe kila nilipofika, boti ilikuwa imetoka kunichukua na maji yalikuwa juu, kamba imelegea. Nilikuwa nalipima dishi kwenye saa zake za afya.

Tukachimbia boriti ya pili, ya boti peke yake, Bwana Mbonde akaishindilia mwenyewe, na maji yalipojaa nikarudishwa Nyamisati.

Kwenye fomu ningeweza kuandika kosa la mteja. Kalamu ilikuwa yangu. Niliandika: "Boti ilifungwa kwenye nguzo ya dishi, kwa maneno ya fundi." Mama Msimamizi akaisoma mara mbili, akanitaka nieleze, nikaeleza. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Hii sasa ni sababu," akasema. "Rudi kazini."

Nikabaki Kibiti hadi nilipostaafu. Leo nakaa barazani chini ya bati langu la rangi, na mafundi vijana hunijia na simu zinazowaonyesha setilaiti ilipo. Nawaambia simu ni nzuri, lakini ngojeni kwanza maji yatoke.

Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali Bwana Mbonde. Ile boriti ya boti, aliyoishindilia yeye mwenyewe, wamekwisha kuibadilisha mara tatu. Yangu bado imesimama. Niliitingisha kwa mikono miwili, Bi Tatu akinitazama, na nilitamani sana kusema neno. Nikanyamaza.