Jina Lililotundikwa Sagana

Chumba cha Watiri kule Karatina kilikuwa tayari: sakafu ya vigae, sinki lenye maji, friji, kipimajoto ukutani, kabati la chuma la kufungia dawa kali. Kati ya yote ambayo bodi ya dawa ilimtaka awe nayo ndipo afungue duka la dawa, kilibaki kimoja tu, jina la mtaalamu atakayelisimamia. Na jina alikuwa nalo. Alilisomea miaka mitatu huku akiuza viazi sokoni. Lakini alipoliandika kwenye fomu ya mtandaoni, fomu ilikataa. Watiri huyu, ilisema, anasimamia duka la dawa Sagana, na mtaalamu mmoja husimamia duka moja.

Hapo ndipo alipomkumbuka Kingori, mwenye duka hilo. Miaka minne nyuma, Watiri akiwa ametoka chuoni na hana kazi, Kingori alimwomba amwazime cheti wiki mbili tu, ukaguzi upite. Darasa lao karibu zima walikuwa wameazimisha vyao. Naye akampa kama mtu anavyompa jirani sufuria kubwa za harusi, na kama sufuria hizo, hakikurudi.

Jumanne asubuhi akateremka Sagana. Cheti chake kilikuwa ukutani, ndani ya fremu, na picha yake juu. Nyuma ya kaunta alisimama msichana mwenye koti jeupe.

"Daktari Watiri," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "hii ya homa nampea ngapi?"

"Kijiko moja, mara tatu," msichana akajibu.

"Ati wewe ndiye Watiri?" akauliza Watiri mwenyewe.

"Ndiye mimi. Nikusaidie na nini?"

"Nimekuja kuchukua cheti yangu. Hiyo, kwa ukuta."

Foleni ikaangua kicheko. "Mpee na koti pia!" mzee mmoja akasema.

Mama akaitazama picha, kisha Watiri. "Huyo wa picha ni mwembamba. Wewe umeshiba."

Kingori akatokea stoo. "Wachuka, endelea na wateja," akamnong'oneza msichana, kisha akamvuta Watiri kando, katikati ya makatoni.

"Andika barua uniachilie," Watiri akasema. "Ijumaa mwenye nyumba anapeana chumba kwa mtu wa kuuza simu."

"Nikiandika leo, kesho nimefunga."

"Tafuta jina ingine."

"Unadhani nimeketi tu? Wote wameshikwa na maduka ingine."

"Basi naenda kwa bodi, niseme ukweli."

"Ukweli gani? Ati uliacha cheti kwa duka miaka nne, mtu mwingine akipeana dawa na jina yako?" Kingori hakupandisha sauti, alisema kama anayemwelekeza mgeni njia. "Mimi watanifungia duka. Wewe watakufuta. Hutafungua Karatina, hutafungua popote."

Watiri akatoka.

Nje alimkuta yule mama akimtoa mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe hakuwa amefika miezi minne.

"Mama, kijiko nzima ni mingi kwa huyu. Mpee nusu."

Mama akaificha chupa kifuani. "Wacha tu. Mimi nafuata vile Watiri amesema."

Watiri akarudi ndani mbio, akamwita Wachuka, akamtuma nje akaseme nusu. Wachuka akasema nusu, na mama akakubali.

Ijumaa ilipita. Chumba cha Karatina sasa kinauza simu, na sinki limewekewa maboksi ya chaja. Watiri hufika Sagana kila siku kabla duka halijafunguliwa, husimama kando ya Wachuka, akisoma kila chupa kabla haijavuka kaunta, maana likitokea la kutokea, jina litakaloitwa ni lake. Hakuna anayemzuia. Kingori alimnunulia koti.

Wateja wamemzoea. Wachuka akiwa na shughuli, wao humwambia mwenzao aliye nyuma, "Usijali, hata huyu anajua. Ni msaidizi wa Watiri."