Kabla ya Kupanda Chome kwa Baiskeli

Safari yenyewe niliifanya mwishowe, na sikumbuki mengi zaidi ya vumbi na maumivu ya makalio. Ninachokumbuka vizuri ni maandalizi. Nilipanga kuanzia kando ya Ziwa Jipe, kwenye mchanga unaomeza tairi, nipite Lembeni, nifuate lami na vijia vya kando ya reli mpaka Same ninakoishi, nilale, na kesho yake nipande Chome, kijijini kwetu milimani anakoishi baba, kwa njia ya mawe na udongo mwekundu. Nina miaka hamsini na moja, nina sukari, na ninafundisha hesabu sekondari, kazi ambayo mtu huifanya kwa kusimama lakini haimpunguzi kitambi.

Watu niliwaambia ni agizo la daktari. Daktari aliniagiza nitembee nusu saa kila jioni; milima hakuitaja. Sababu hasa ilikuwa baba. Mama alipofariki, nilizika na siku ya tatu nikateremka Same kuwahi kusimamia mitihani, matanga yakiwa bado hayajaanuliwa. Baba hakusema neno siku ile. Hakusema pia siku zilizofuata, na ukimya huo ulikuwa umetimiza miaka miwili. Nikipiga simu, hapokei. Nikipanda basi kwenda kumsalimia, anachukua panga anakwenda shambani mpaka niondoke. Wapare tunataniwa kwamba mtu wetu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kesi yangu na baba haikuwa hata na hakimu.

Zamani aliwahi kuniambia kwamba mjini nimejifunza kubebwa. Neno hilo lilinikaa. Nikawaza kwamba akiniona natokea ziwani mpaka mlangoni kwake kwa miguu yangu mwenyewe, nimelowa jasho, atalazimika kusema kitu, hata kama ni kunicheka. Nilimtaka aseme nami kabla hajafa. Nalisema wazi sasa. Wakati ule nilijidanganya kwamba nawaza gia na matairi tu.

Na matairi niliyawaza kwelikweli. Baiskeli yangu ni ya mtumba, niliinunua Moshi. Fundi wangu hapa Same ni Msukuma aliyekuja zamani kukata mkonge, akaona afadhali spoki kuliko miiba. Nilimpelekea orodha ya vitu vya kubadilisha, kurasa mbili. Aliisoma yote bila haraka.

"Mwalimu, breki hujaandika."

"Mimi napanda, fundi. Breki za nini?"

"Mpanda ngazi hushuka," akasema, akaigeuza baiskeli magurudumu juu.

Alinifungia tairi pana zenye meno, akaniambia nisizijaze upepo sana kwa sababu kwenye mchanga tairi gumu huzama. Nikanunua tyubu mbili za akiba, viraka na pampu. Nikajaribu kubeba makande kwenye kopo, yakachacha kwa joto la tambarare, nikahamia ndizi na karanga. Kila jioni nilipiga mizunguko barabara ya vumbi nyuma ya mji, nikirekodi muda kwenye daftari. Wanafunzi waliniona. Mmoja alichora ubaoni mtu mnene juu ya magurudumu mawili, na lazima niseme alichora vizuri.

Jumamosi moja nikaamua kujaribu mlima wenyewe. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kipande cha njia. Nia ilikuwa nifike kona iliyo chini kidogo ya kwetu, nitazame saa, nigeuze. Kwa baba nisifike, nimwekee safari kubwa. Nilipanda nikihema, sehemu nyingine nikiisukuma, lakini saa ilikuwa upande wangu. Halafu, karibu na juu, nikawakuta watu barabarani. Mvua ilikuwa imekata njia, nao walikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwetu kila nyumba hutoa mtu. Walikuwa wamejaza korongo kwa mawe na udongo, na udongo ulikuwa bado mbichi.

"Poleni na kazi!" nikasema.

"Asante, karibu," wakajibu.

Mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa. Karibu ya kwenye msaragambo maana yake ni shuka ushike jembe. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini katika muda niliojiwekea nilikuwa nimebakiwa na dakika nne, nikainua mkono, nikasema nitarudi, nikapita. Tairi pana zikachimba mfereji katikati ya kazi yao. Nikafika kona, nikaandika muda kwa furaha kabisa, nikageuza, nikapita tena palepale. Hakuna aliyenitukana. Walisogea tu kando, wakasubiri nimalize.

Jioni ile, nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, simu ikaita. Ilikuwa namba ya baba.

"Shikamoo baba."

"Ni wewe uliyepita juu ya udongo wa watu?"

"Ni mimi, baba. Nilikuwa napima muda."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Wamekuja kuniuliza kama yule ni mwanangu. Nimewaambia nitamwuliza."

Akakata. Miaka miwili nilikuwa nimeyasubiri maneno yake, na hayo ndiyo niliyopata. Niliona haya mpaka maji yakapoa. Nikampigia dada yangu, aliyeolewa kilima cha pili, nimwulize lini watarudia ile kazi. Akasema Jumamosi ijayo, kwa kuwa palibomoka tena. Nikamwuliza kwetu hutoka nani.

"Unauliza nini? Mimi nahesabiwa kwa mume wangu. Kwetu hutoka baba."

"Na umri ule?"

"Kwani kuna mwingine?"

Wiki hiyo sikuandika muda wowote. Ijumaa nikamwomba fundi anifungie jembe kwenye keria. Akalikaza kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Jumamosi niliondoka mapema nikafika wakiwa bado wanakusanyika. Baba alikuwepo, amevaa koti lake la kanisani lililochakaa, jembe mkononi. Nikawasalimu wazee wote kwa pamoja, wakaitikia kwa pamoja, sikuweza kutofautisha sauti yake. Nikaomba radhi kwa udongo. Mzee mmoja akasema udongo haukasiriki, wengine wakacheka, nikafungua jembe.

Kabla ya kuanza, msimamizi huita nyumba moja moja, na mtu wa nyumba hiyo huitikia. Akaanza kuita kutoka chini ya kijiji kwenda juu. Alipofika kwetu alimtazama baba, kama alivyozoea. Baba hakuitikia. Alikuwa akiangalia mpini wa jembe lake, anaufuta kwa kiganja taratibu. Msimamizi akaita tena. Ndipo nikaelewa kwamba mzee hakushindwa kusikia; jibu aliniachia mimi.

"Tupo," nikasema.

Baba akalaza jembe lake chini, akakaa ukingoni mwa barabara, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake.