Dereva Aliyeambiwa Aseme Hakutumwa

Nakumbuka Ijumaa moja ya masika pale Kiwalani, kaka yangu Hamisi amelala ameugeukia ukuta, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, na mimi nimekaa mlangoni najifanya napepeta mchele. Mchele ulikuwa umeshakuwa safi zamani. Nilikuwa napepeta mawazo, mwanangu, na mawazo hayana makapi. Ukiyarusha juu, yote yanarudi kwenye ungo.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu na hali mvi hata moja sina. Watoto wa kaka walioko kijijini wananiita shangazi, na siku hizi hata vijana wa mtaani wananiita hivyo hivyo. Isitoshe, aliyetangulia kuumwa ndiye mzee wa ugonjwa.

Hamisi ni mchonga vinyago, kama alivyokuwa baba yetu kule Newala. Kwa mikono yake, na kwa vumbi la mpingo alilolivuta miaka yote hiyo, ndivyo nilivyosoma mpaka chuo kikuu. Nilipomaliza sikupata kazi, nikahamia kwake, nikawa natuma maombi na kungoja simu ambayo haikulia. Siku moja alikwenda Kipawa kuchukua gogo. Alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, nje kabisa ya barabara, anasubiri guta la kumbebea mzigo. Pikapu iliyojaa vigae ikaacha njia, ikamfuata pale pale, ikaubana mkono wake ukutani.

Dereva aliitwa Elia. Hakukimbia. Alimbeba Hamisi mwenyewe mpaka hospitali, analia kuliko aliyeumia. Mifupa iliungwa, lakini daktari akatuambia bila upasuaji mwingine vidole havitakunjika tena. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuzoea. Kwa mchongaji, patasi haishikwi kwa kiganja kilichokakamaa. Na gharama za upasuaji huo sisi hatukuwa nazo.

Tajiri mwenye gari alituma mchele na sukari, pamoja na mjumbe aliyesema kwa upole mwingi kwamba tajiri anatoa pole, ila siku ile dereva alikuwa amechukua gari kwa safari zake mwenyewe. Wageni waliokuwepo wakaitikia, wakashukuru kwa niaba yetu. Ndivyo tulivyo. Akija mtu na mkono wa pole tunaona aibu kumuuliza zaidi, kana kwamba kilo za mchele zimefunga mjadala.

Mimi nililielewa neno lile. Mfanyakazi akizembea akiwa kwenye kazi aliyotumwa, madhara yake yanamfikia aliyemtuma. Lakini akiwa amechukua gari kwa mambo yake binafsi, mwajiri ana pa kutokea. Kwa hiyo mkono wa kaka yangu ulikuwa umening'inia kwenye sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa kinywani mwa Elia.

Elia mwenyewe aliniambia. Alikuwa anakuja kila Ijumaa na machungwa kwenye mfuko, anakaa karibu na kitanda, anamenya, hasemi. Siku moja wakati wa kuondoka akaninong'oneza pale mlangoni, "Sista, tajiri kaniambia niseme sikutumwa. Nikisema nilitumwa, kazi basi. Nina watoto, na mama yao anaumwa. Tafadhali, usimwambie braza."

Nikanyamaza. Mwanangu, kunyamaza kule ndiko kulikonifundisha upweke ni nini. Nilijiambia, nikisema, watoto wa Elia watalala njaa kwa sababu yangu. Nisiposema, Hamisi hatachonga tena, naye ndiye aliyenisomesha. Halafu nikawaza, labda Elia katumwa kunipima. Labda Hamisi anajua, anangoja aone kama nitamficha. Labda hata nikisema hakuna atakayeamini. Tulikuwa kwenye nyumba ya kupanga yenye watu kila pembe, watoto uani, redio tatu zinashindana, ndege zinapita juu ya bati kiasi cha kukata maongezi, na mimi nilikuwa peke yangu kama jiwe kisimani. Wageni walikuwa wamepungua. Hamisi alikuwa ameanza kulala ameugeukia ukuta. Ijumaa ilipofika tulikuwa watatu chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya upweke.

Sasa mwenye nyumba wetu alikuwa Bibi Tausi, Mzaramo halisi, mnene wa sauti. Ijumaa ile ya mvua akaingia bila hodi, akanipita mlangoni na ungo wangu, akajitupa kwenye stuli mbele ya Elia. Elia ni Mnyamwezi. Unajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani hakasirikiwi. Hata msibani ana ruhusa ya kusema kwa sauti yale ambayo wengine wananong'ona.

"Shikamoo, bibi," akasema Elia.

"Marahaba, mchukuzi. Umekuja na machungwa tena? Kumbe nyie Wanyamwezi mkimponda mtu mnamlipa machungwa?"

Elia akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Heri sie, bibi. Nyie Wazaramo mngeleta ngoma, mcheze mpaka mgonjwa akimbie mwenyewe."

"Tungecheza, ndiyo, tena kwa viuno vyetu wenyewe. Sie hatubebi cha mtu. Nyie ndio mlioambiwa mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Babu yako kabeba pembe za matajiri kutoka Tabora mpaka pwani, na alipofika pwani akazitua, akapumzika. Wewe tajiri wako kakutwika uongo. Huo unautua pwani ipi?"

Kicheko kikakatika. Mvua ikabaki yenyewe juu ya bati.

"Bibi, nani kakwambia?" Elia akauliza, na macho yake yakanijia mimi.

"Usimtazame huyo, hajaniambia kitu. Anaongea peke yake akifua, nyumba nzima inamsikia." Akanigeukia. "Na wewe, binti, beseni limekujibu nini? Umelikalia neno la watu watatu, umemkatia kila mmoja hukumu yake, hujamuuliza hata mmoja. Nani kakupa ukadhi?"

Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo, ajabu, nilijisikia nimepumua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, ila hawakusema kwamba kuumbuliwa nako kuna nafuu yake.

Hamisi akajigeuza polepole, akaupa ukuta kisogo. "Elia. Ulitumwa, hukutumwa?"

"Nilitumwa, braza." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetapika. "Vigae vyake, safari yake. Hata simu iliyonifanya niache kutazama mbele ni yeye aliyepiga, anauliza mbona sijafika. Lakini niliyepokea ni mie. Kosa la kupokea ni langu."

Hamisi akajiinua kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema maneno ambayo sijayasikia kwa mwanasheria yeyote. "La kupokea nilishakusamehe siku ile uliponibeba. La kukutuma siwezi kukusamehe, Elia, maana hilo si lako."

Elia akainama, akalia mikononi mwake. Bibi Tausi naye, aliyeanza kwa utani, akamwekea mkono mgongoni.

Jumatatu yake Elia alikwenda polisi, akaandika maelezo ya kweli. Wiki haikuisha, akafukuzwa kazi. Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Tajiri alikana, kisha akanyamaza, kisha wakaja watu wake wa bima na maswali yao. Mwanasheria wa msaada wa kisheria alituambia tuvute subira, na subira tuliivuta mpaka ikawa nyembamba. Mwishowe tajiri na bima yake walilipa fidia, na Hamisi akapasuliwa. Leo vidole vinakunjika. Patasi anaishika, ingawa jioni mkono humuuma na vinyago vyake vimekuwa vidogo kuliko vya zamani.

Elia, mara alipofukuzwa, alirudi kwao Tabora na familia yake. Hakutuaga. Tulisikia kwa watu, na namba yake ilikuwa haipatikani. Ijumaa iliyofuata tulikaa wawili, tukisikia hodi zikipigwa kwenye vyumba vya wenzetu. Haki ilipatikana, mwanangu, lakini aliyeileta hakuwepo tumshukuru, na hilo bado linanikaa kifuani.

Basi nakuambia wewe unayetafuta leseni, na wewe utakayekuja kuajiri madereva wako. Ukiendesha, simu ya bosi inaweza kungoja. Mkono wa mtu haungoji. Ukikosea, kubali la kwako, lakini usikubali kutwikwa la aliyekutuma, kwa sababu ukilibeba unamnyima aliyeumia mlango wa pekee wenye kitu ndani. Ukiwa mwajiri, ukimtuma mtu jua umejituma mwenyewe. Usimkimbize halafu ukamkana. Na yakikufika wewe au nduguyo, pokea pole kwa mikono miwili, mle huo mchele, mshukuru, kisha nendeni mkadai, wala msichelewe, maana sheria nayo ina saa yake na haimsubiri mwenye haya. Pole ni utu. Fidia ni haki. Kimoja hakilipi deni la kingine.

Na wewe unayewaza sana kama mimi, nakuomba jambo moja tu. Usiwe kadhi wa watu ambao hujawauliza. Ningemuuliza Hamisi mapema, pengine tungekaa na Elia tukapanga namna ya kumshika mkono kabla hajafukuzwa. Pengine. Hilo pia nimeliwaza mpaka nimechoka, na sasa naliacha hapa kwako.

Mungu akulinde na gari lisilo na breki na mdomo usio na ukweli. Akupe riziki usiyolazimika kuidanganyia. Na siku utakapolemewa na jambo kubwa kuliko kifua chako, akujalie mlango wa kubisha, na ndani yake mtu aliye macho. Amina.